Padre James Dixon: Mfungwa Aliyesoma Misa Sydney



Wapendwa wasomaji, tumezoea kusoma habari za wamisionari walioagwa kwa sala na nyimbo, wakapanda meli wakiwa na barua za maaskofu wao na masanduku ya vifaa vya ibada. Leo tunawaletea maisha ya padre aliyepanda meli akiwa mfungwa. Hakutumwa na askofu wala na shirika lolote la kitawa. Alipelekwa na mahakama, akiwa amehukumiwa kuishi uhamishoni maisha yake yote. Huyu ni Padre James Dixon wa Ireland, ambaye Kanisa la Australia linamkumbuka kama padre wa kwanza kupewa ruhusa ya serikali kusoma Misa hadharani katika nchi ile.

Ruhusa hiyo haikudumu hata mwaka mmoja. Kisha ilifutwa kwa sababu ya tendo ambalo yeye hakulitenda na ambalo alijaribu kulizuia. Tumeona vema kuyasimulia maisha yake kwa sababu yanagusa jambo linalomhusu frateri anayejiandaa kupokea daraja takatifu, na pia muumini wa kawaida parokiani: padre anabaki na nini anaponyang'anywa parokia, posho, kibali na jina jema?

Kuzaliwa na masomo

James Dixon alizaliwa mwaka 1758 huko Castlebridge, katika kaunti ya Wexford, kusini mashariki mwa Ireland. Wakati huo Ireland ilitawaliwa na Uingereza, na Wakatoliki, ingawa ndio waliokuwa wengi katika nchi yao, waliishi chini ya sheria kali zilizotungwa ili kuwadhoofisha. Mkatoliki hakuruhusiwa kuwa mbunge. Alizuiwa kushika kazi nyingi za serikali, na kwa miaka mingi alibanwa pia katika kununua na kurithi ardhi. Shule za Kikatoliki zilipigwa marufuku. Katika ujana wa Dixon baadhi ya sheria hizo zilianza kulegezwa, lakini nchini mwake hapakuwa na seminari hata moja ambamo kijana Mkatoliki angeweza kusomea upadre.

Kwa sababu hiyo, vijana wa Ireland waliosikia wito walilazimika kuvuka bahari. Vyuo vya Waireland vilikuwa vimeanzishwa katika miji kadhaa ya Ulaya, na kile cha Salamanca nchini Hispania kilikuwepo tangu mwaka 1592. Dixon alisoma Salamanca, kisha akaendelea Louvain, mji ambao leo uko Ubelgiji. Seminari ya Maynooth, iliyowapa Waireland nafasi ya kusoma nyumbani, ilifunguliwa mwaka 1795, wakati yeye alikuwa tayari ni padre.

Mafrateri wetu wanaosoma haya wafikirie kidogo hali hiyo. Kijana aliondoka nyumbani asijue kama atawakuta wazazi wake hai. Alisoma falsafa na teolojia katika nchi ya watu wengine, kisha akarudi kuhudumia watu maskini ambao sheria haikuwapenda wao wala yeye. Ndivyo alivyofanya Dixon. Alirudi katika jimbo lake la Ferns, akawa padre msaidizi katika parokia ya Crossabeg, karibu na alikozaliwa. Kwa miaka kadhaa maisha yake yalikuwa yale ya padre wa kijijini: kubatiza, kuungamisha, kupaka wagonjwa mafuta, kuzika.

Mwaka wa damu, 1798

Mwaka 1791 ulianzishwa mjini Belfast Umoja wa Waireland, chama kilichowaunganisha Waprotestanti na Wakatoliki waliotaka nchi yao ijitawale. Mawazo ya mapinduzi ya Ufaransa yaliwapa moyo. Serikali ilijibu kwa ukali: nyumba zilichomwa, watu walichapwa viboko na kuteswa ili wataje mahali walipoficha silaha. Mwishoni mwa Mei 1798 Wexford ililipuka.

Maaskofu wa Ireland walikuwa wameukataza uasi, na Askofu James Caulfield wa Ferns alikuwa miongoni mwa waliosema hivyo waziwazi. Hata hivyo, mapadre wachache waliungana na watu wao. Anayejulikana zaidi ni Padre John Murphy wa Boolavogue, ambaye awali aliwahimiza waamini wasalimishe silaha, kisha, baada ya kuona ukatili wa askari, akawa kiongozi wa wapiganaji. Alikamatwa na kuuawa mwaka huohuo. Kwa muda mfupi waasi waliushika mji wa Wexford. Tarehe 21 Juni 1798 walishindwa katika mapigano ya Vinegar Hill, kilima kilicho karibu na mji wa Enniscorthy. Tuliweke akilini jina la kilima hicho, maana tutakutana nalo tena upande wa pili wa dunia.

Uasi ulipozimwa, zilianza kesi. Padre Dixon alishtakiwa kwamba aliongoza kikosi cha waasi katika mapigano ya Tubberneering, yaliyotokea tarehe 4 Juni. Alihukumiwa kifo. Baadaye hukumu ilibadilishwa, akapewa adhabu ya kupelekwa uhamishoni katika koloni la New South Wales kwa maisha yake yote. Wanahistoria waliochunguza habari zake wanaona kwamba hakuwa na hatia. Jina la Dixon lilichafuka Wexford katika siku zile, kwa kuwa nahodha mmoja aitwaye Thomas Dixon alihusika katika mauaji ya kutisha ya mateka kwenye daraja la mji. Hasira ilipokuwa bado ya moto, kuitwa Dixon na kuwa padre wa Wexford vilitosha kumtia mtu mashakani.

Tunaona hapa mwanzo wa msalaba wake. Mtu anaweza kuvumilia adhabu ya kosa alilotenda. Kubeba kosa la mwingine, na kujua kwamba waliobaki nyumbani watasimuliana kwamba padre wao ni mhalifu, ni mzigo wa namna nyingine.

Safari ya kwenda mwisho wa dunia

New South Wales lilikuwa koloni changa. Uingereza, baada ya kupoteza makoloni yake ya Marekani, ilikosa mahali pa kuwapeleka wafungwa wake, ikachagua pwani ya mashariki ya Australia. Meli za kwanza zilifika bandari ya Sydney tarehe 26 Januari 1788, zikawashusha wafungwa wapatao 750 katika ardhi ya wenyeji walioishi hapo tangu kale na ambao hawakuulizwa lolote. Hadi usafirishaji huo ulipokoma kabisa mwaka 1868, wafungwa zaidi ya 160,000 walikuwa wamepelekwa Australia. Wengi waliiba vitu vidogo: nguo, kuku, mkate, kipande cha kitambaa. Wengine, kama hawa wa mwaka 1798, walipelekwa kwa sababu za siasa.

Padre Dixon alisafirishwa katika meli iitwayo Friendship, maana yake urafiki, jina gumu kulielewa kwa meli ya wafungwa. Iliondoka Ireland mwaka 1799 na kufika Sydney mwanzoni mwa mwaka 1800, baada ya miezi mingi baharini. Alikuwa na umri wa miaka kama 41.

Mapadre wengine wawili walipatwa na hukumu ya namna hiyo. Padre James Harold alifika siku zilezile katika meli nyingine, na Padre Peter O'Neil alifuata mwaka 1801. Kwa hiyo Kanisa Katoliki katika koloni lile lilianza na mapadre watatu, wote wafungwa. Kabla yao aliwahi kupita pale Padre Receveur, Mfransisko wa Ufaransa aliyekuwa katika msafara wa La Pérouse. Alifariki Botany Bay mwezi Februari 1788 na akazikwa hapo. Huyo alikuwa msafiri aliyefia njiani. Dixon na wenzake ndio waliokaa na watu.

Wakatoliki wa koloni, karibu wote Waireland, hawakuwa na Misa, wala kitubio, wala ndoa mbele ya padre wao. Dini ya serikali ilikuwa Anglikana. Wafungwa walitakiwa kuhudhuria ibada za Kianglikana, na aliyekaidi aliweza kuadhibiwa. Mapadre hawakuruhusiwa kufanya kazi yao hadharani. Aidha, watawala waliwaogopa Waireland. Waliposikia watu wakizungumza Kiairishi, lugha wasiyoielewa, walihisi kuna njama inapangwa. Mwaka 1800 ziligunduliwa dalili za mpango wa maasi, na watu walichapwa viboko kwa mamia ili watoe siri. Padre Harold alishukiwa kwamba anawajua wahusika. Alikataa kutaja majina, akapelekwa kisiwa cha Norfolk, gereza la mbali zaidi ya gereza. Padre O'Neil naye alipelekwa huko, kabla ya kuruhusiwa kurudi Ireland mwaka 1803. Sydney alibaki Dixon.

Kibali cha mwaka 1803

Gavana Philip Gidley King hakuwa rafiki wa Wakatoliki, lakini alikuwa mtawala anayepiga hesabu. Wafungwa wa Ireland walizidi kuongezeka. Serikali ya London nayo ilikuwa imeonyesha kwamba mapadre waliokuwa koloni wangeweza kutumika kama walimu au kwa kazi yao ya kiroho. King aliona kwamba Waireland wakipata padre wao huenda wakatulia. Mwezi Aprili 1803 alimpa Padre Dixon msamaha wa masharti na ruhusa ya kutekeleza huduma yake ya kipadre. Alipangiwa pia posho ya paundi 60 kwa mwaka.

Masharti yalikuwa mengi. Misa ingesomwa kwa zamu katika sehemu tatu: Sydney Jumapili moja, Parramatta Jumapili inayofuata, na Hawkesbury Jumapili ya tatu. Parramatta iko kilomita kama 25 magharibi ya Sydney, na mashamba ya mto Hawkesbury yako mbali zaidi ya hapo. Waamini wa eneo moja hawakuruhusiwa kwenda kusali katika eneo lingine. Polisi wangekuwepo karibu wakati wa Misa. Padre angewajibika kwa mwenendo wa watu wake, na asingeruhusu neno lolote la uchochezi. Ibada ikiisha, kila mtu arudi kwake moja kwa moja.

Jumapili, tarehe 15 Mei 1803, Padre James Dixon alisoma Misa mjini Sydney, ya kwanza ya hadhara kwa idhini ya serikali katika Australia. Wakatoliki wa nchi ile wanasimulia hadi leo jinsi vifaa vilivyopatikana. Kalisi ilitengenezwa kwa bati na mfungwa mmoja, na mavazi ya Misa yalishonwa kutokana na mapazia makuukuu.

Tutafakari kidogo juu ya watu waliohudhuria. Kulikuwa na watu ambao hawakuwa wamesikia Misa tangu walipokamatwa, wengine miaka mitano, wengine kumi au zaidi. Mama aliyezaa mtoto uhamishoni alimpeleka sasa kubatizwa na padre wa Kanisa lake. Wachumba walisimama mbele ya shahidi wa Kanisa. Mzee aliyebeba dhambi ya miaka mingi alipiga magoti kuungama. Wasomaji wetu wanaoishi katika vigango vya mbali, ambako padre huonekana mara moja kwa mwezi au kwa miezi mitatu, wanaweza kuielewa furaha hiyo kuliko sisi tunaokaa jirani na kikanisa cha seminari na kusikia kengele kila asubuhi.

Gavana mwenyewe aliona kwamba mwenendo wa Waireland ulikuwa mzuri. Nako Roma habari zilikuwa zimefika. Mwaka 1804, wakati wa Papa Pius VII, Padre Dixon aliteuliwa kuwa Prefekti wa Kitume wa New Holland, kama Australia ilivyoitwa siku hizo. Hilo ndilo lilikuwa tendo la kwanza la Kanisa la Roma kumweka mkuu wa Kanisa katika bara lile, na aliyewekwa alikuwa mtu ambaye kwa sheria ya Kiingereza bado alibeba hukumu ya maisha. Lakini barua zilichukua miezi mingi baharini, na mambo ya Sydney hayakusubiri.

Siku mbili za Machi 1804

Jumapili jioni, tarehe 4 Machi 1804, wafungwa wa shamba la serikali la Castle Hill, karibu na Parramatta, waliwasha moto nyumba moja kuwa ishara, wakanyang'anya silaha katika nyumba za walowezi, wakaanza kukusanyana. Wengi walikuwa Waireland, na kiongozi wao alikuwa Philip Cunningham, aliyekuwa amepigana katika uasi wa kwao. Walitaka kuiteka Parramatta, kisha Sydney, na hatimaye kupata njia ya kurudi nyumbani. Gavana alitangaza hali ya hatari. Meja George Johnston alitoka Sydney usiku uleule na askari wachache, wakatembea kwa miguu hadi Parramatta.

Padre Dixon alifuatana na kikosi hicho. Hapa ndipo penye jambo gumu zaidi katika maisha yake. Wale waasi walikuwa kondoo wake. Miongoni mwao walikuwamo bila shaka watu waliompokea Kristo kutoka mikononi mwake. Alijua walivyoteswa, kwa kuwa mateso yao yalikuwa yake pia. Alijua vilevile yaliyotokea Wexford, ambako watu wenye mikuki walisimama mbele ya bunduki na mizinga. Alichagua kwenda, ili awasihi waweke silaha chini kabla damu haijamwagika.

Asubuhi ya tarehe 5 Machi kikosi kiliwafikia waasi zaidi ya 200 juu ya kilima kimoja karibu na mahali panapoitwa leo Rouse Hill. Kwa kukumbuka kushindwa kwa mwaka 1798, kilima hicho nacho kilikuja kuitwa Vinegar Hill. Padre Dixon alikwenda mbele, akazungumza nao, akawasihi wasalimu amri. Hawakukubali. Baada yake Meja Johnston aliwaendea akiwa na askari mmoja, akaomba viongozi wao watoke ili wazungumze. Walipotoka, Johnston na mwenzake waliwaelekezea bastola, wakawateka, na askari wakaamriwa kufyatua risasi. Waasi wasiopungua 15 walikufa pale kilimani. Cunningham alijeruhiwa, akanyongwa bila kufikishwa mahakamani. Kwa jumla watu tisa walinyongwa, wengine walichapwa viboko, na wengine walipelekwa Coal River, panapoitwa leo Newcastle, kuchimba makaa ya mawe.

Tujaribu kusimama pale aliposimama padre huyu. Alikwenda kwa watu wake kwa jina la amani, na dakika chache baadaye mazungumzo ya amani yakageuzwa kuwa mtego na wale aliofuatana nao. Mtego huo haukuwa wake. Lakini nani katika mabanda ya wafungwa angeutenganisha na sura yake? Kwa upande wa pili, serikali nayo haikumshukuru. Gavana King alishuku kwamba mikusanyiko ya Jumapili iliwapa Waireland nafasi ya kupanga njama. Kibali cha Misa ya hadhara kilifutwa na posho ikakatwa. Padre aliyehatarisha maisha yake ili kuzuia maasi alihesabiwa pamoja na waliyoyaanzisha.

Baadhi ya waandishi humtazama Dixon kama mtu aliyejipendekeza kwa watawala siku ile, na wengine kama shujaa. Sisi tunadhani haki iko katika jambo dogo zaidi. Hakuwa na jeshi, hakuwa na cheo ambacho watawala walikiheshimu, na hakuwa na neno ambalo pande zote mbili zingeliamini. Alikuwa na upadre wake tu, akautumia kufanya lile lililowezekana saa ile, nalo halikufaulu. Wako mapadre wengi, hata katika nyakati zetu, waliosimama kati ya watu wenye silaha na watu wenye hasira na kurudi nyumbani mikono mitupu. Mungu hapimi huduma kwa kufaulu peke yake.

Miaka ya kimya

Baada ya Machi 1804 Padre Dixon hakukata tamaa na hakuacha watu wake. Aliendelea kuwahudumia faraghani, bila posho na bila mkusanyiko wa hadhara. Miaka hiyo haina matukio makubwa ya kusimulia, na pengine ndiyo miaka yake bora. Kuwa padre siku ambayo watu wamejaa na gavana ametoa kibali si kazi ngumu sana. Kuendelea kuwa padre kwa mtu mmoja mgonjwa katika kibanda, bila anayekuona, ndiko kunakoonyesha daraja limeingia kiasi gani moyoni.

Mwaka 1808 alipata nafasi ya kuondoka, akarudi Ireland. Alipokelewa tena katika jimbo lake la Ferns, na mwaka 1819 akawa paroko wa Crossabeg, palepale alipokuwa padre msaidizi kabla ya kukamatwa. Aliishi kuona mwaka 1829 ambapo Bunge la Uingereza liliwafungulia Wakatoliki milango mingi iliyofungwa tangu utoto wake. Alifariki tarehe 4 Januari 1840, akiwa amepita miaka 80, paroko wa kijijini kama wengine.

Mbegu iliyobaki

Padre Harold naye aliondoka Australia mwaka 1810, na kwa miaka kadhaa Wakatoliki wa koloni hawakuwa na padre hata mmoja. Je, imani ilikufa? Waamini walei waliishika. Walikusanyika nyumbani kwa wenzao, wakasali rozari na kufundishana. Miongoni mwao walikuwa James Dempsey na William Davis, nao pia wafungwa wa mwaka 1798. Davis alipelekwa uhamishoni kwa kosa la kuwatengenezea waasi mikuki.

Mwaka 1817 alifika Padre Jeremiah O'Flynn akiwa na mamlaka kutoka Roma, lakini bila kibali cha serikali. Mwezi Mei 1818 alikamatwa na kufukuzwa nchini, naye akaiacha Ekaristi Takatifu katika nyumba ya mmoja wa waamini hao. Watu walikuja kuabudu hapo, kukiwa hakuna padre wa kuwasomea Misa. Mapadre wawili wenye kibali, Philip Conolly na John Joseph Therry, walifika mwaka 1820. Mwaka uliofuata liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Mtakatifu Maria, ambalo leo ndilo Kanisa Kuu la Sydney. Mwaka 1835 aliwasili askofu wa kwanza, John Bede Polding, Mbenedikto.

Mwaka 1840 Padre Dixon alifariki. Mwaka huohuo serikali ya Uingereza ilikomesha kupeleka wafungwa New South Wales, na mwezi Agosti Askofu Polding aliweka jiwe la msingi la kanisa la Mtakatifu Patriki, katika kiwanja kilichotolewa na mzee William Davis. Kanisa hilo lipo hadi leo katikati ya jiji la Sydney, na watu wengi huingia kuungama wanapotoka kazini.

Tunajifunza nini?

Kwa mafrateri wetu, tunapenda kusema hivi. Wakati wa malezi ni rahisi kuufikiria upadre pamoja na vitu vinavyouzunguka: nyumba ya parokia, gari, mavazi mazuri ya ibada, heshima ya watu. Vyote hivyo ni vyema vikiwepo. Padre Dixon alikuwa na kalisi ya bati na mavazi ya mapazia, na Misa yake ilikuwa Misa kamili. Baadaye hata ruhusa ya kukusanya watu ilikwisha, na upadre wake haukwisha. Frateri ajiulize mapema ni kitu gani angebaki nacho vikiondolewa vingine, na akijenge hicho sasa, katika sala ya kila siku na katika kupenda watu.

Kwa waamini, jambo la kuzingatia ni akina Dempsey na Davis. Dixon alikuwa nao kwa miaka minane tu, na katika hiyo alisoma Misa ya hadhara kwa muda usiofika mwaka. Alipoondoka, hawakusema kwamba imani ni kazi ya padre. Jumuiya zetu ndogondogo na makatekista wetu wa vigangoni wana ndugu zao wa zamani katika wale wafungwa waliosali rozari kwenye nyumba za mji ule mchanga.

Na kwa yeyote anayebeba lawama isiyo yake, awe padre au mlei, tunamwomba amkumbuke paroko yule mzee wa Crossabeg. Hukumu yake ilibaki katika vitabu vya serikali. Yeye alirudi kwenye altare aliyoondolewa na kuendelea na kazi hadi alipoitwa na Bwana.

Tumwombe Mungu awape raha ya milele Padre James Dixon na wote waliokufa mbali na nyumbani kwao wakiwa wafungwa. Tuwakumbuke pia mapadre na waamini ambao hata leo wako magerezani kwa ajili ya imani au kwa makosa wasiyoyatenda, ili wasikose mtu wa kuwapelekea Mkate wa Uzima.